Mikono Iliyofuma Bradford

Aghalabu mtu apitapo mbele ya jumba kubwa huuliza limejengwa na nani, naye hujibiwa kwa jina la tajiri aliyelilipia. Swali la pili, yaani ni akina nani waliotoka jasho ndani yake, huulizwa na wachache. Sisi tuliijua thamani ya swali hilo kwa kuchelewa. Tuliijulia Bradford, mji wa kaskazini ya Uingereza, ambako tulikaa mwaka 1999 tulipokwenda kusomea kazi ya mipango, na ambako tulirudi kutembea mwaka 2025.

Bradford ulikuwa mji wa sufu. Katika karne ya 19 manyoya ya kondoo yaliletwa huko kutoka pande nyingi za dunia, yakaoshwa, yakachanwa, yakasokotwa na kufumwa, na vitambaa vyake vikauzwa ng'ambo. Wafanyabiashara walijijengea soko la sufu lililofunguliwa mwaka 1867, lenye mnara na madirisha marefu mithili ya kanisa. Nje ya mji, tajiri Titus Salt alifungua kiwanda mwaka 1853, na kando yake akajenga kijiji cha wafanyakazi chenye nyumba za mawe, shule na hospitali. Kijiji hicho huitwa Saltaire, kwa jina lake Salt na la mto Aire upitao hapo.

Katika mtaa wa Manningham kilisimama kiwanda cha hariri na bahameli, ambacho dohani yake ina urefu wa mita zipatazo 75, nayo huonekana toka mbali. Mwezi Desemba 1890 maelfu ya wafanyakazi wake waligoma kwa sababu ya kupunguziwa ujira. Walistahimili hadi Aprili 1891, kisha njaa ikawarudisha kazini. Walishindwa, lakini kushindwa kwao hakukupotea bure, kwani mwaka 1893 chama cha wafanyakazi kilichoitwa Independent Labour Party kiliundwa katika mji huo huo.

Hayo tuliyasoma vitabuni. Mengine tuliambiwa na mwenye nyumba tuliyopanga, mzee mmoja wa Kipakistani tuliyezoea kumwita Chacha, maana yake baba mdogo kwa lugha ya kwao. Alitoka wilaya ya Mirpur. Bwawa la Mangla lilipojengwa katika miaka ya 1960, maji yalifunika vijiji vingi vya huko, na watu zaidi ya 100,000 wakahamishwa. Wengi wao walikwenda Uingereza, kwani viwanda vilihitaji watu wa kufanya kazi za usiku. "Kijiji chetu kiko chini ya maji," alituambia jioni ya kwanza, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi.

Masikio yake yalikuwa yamekuwa mazito kwa kelele za mashine, hivyo alitutazama midomo tulipozungumza. Alitusimulia namna mafuta ya manyoya yalivyomganda mikononi hata mkewe akawa anaitambua harufu yake kabla hajafungua mlango. Alitusimulia pia habari za Mwingereza aliyempokea mashine kila alfajiri. Kwa miaka sita walipishana hapo, mmoja akiingia na mwingine akitoka, wakitikisiana vichwa tu. Wala hakuna aliyepata kulijua jina la mwenzake.

Tulisikiliza mwaka mzima. Nasi tulikuwa tumekwisha anza kutunga mashairi, tukijiona watu wa kalamu. Tulitunga shairi la beti kumi na mbili juu ya dohani ya Manningham, ambayo kiwanda chake kilikuwa kimefungwa tangu 1992. Juu ya Chacha hatukuandika hata mstari mmoja. Tulidhani kwamba dohani ndiyo historia, na kwamba mzee yule alikuwa mazungumzo ya jioni tu.

Tuliporudi mwaka 2025, Bradford ulikuwa umechaguliwa kuwa Mji wa Utamaduni wa Uingereza kwa mwaka ule. Ndani ya soko la sufu mlikuwa na duka la vitabu. Katika kiwanda cha Salt, kilichoacha kazi mwaka 1986, zilitundikwa picha za msanii David Hockney, mzaliwa wa mji huo. Sehemu ya kiwanda cha Manningham ilikuwa imefanywa nyumba za kukaa. Chacha alikuwa amekwisha fariki.

Mjukuu wake, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari, alitukaribisha chai. Alituambia kwamba babu yake alizungumza Kipahari, na Kiingereza kidogo cha kiwandani. Yeye alikulia katika Kiingereza, na Kipahari akakijua cha salamu tu. Walipendana, lakini hawakupata kuzungumza. Kisha akatuuliza, "Babu alifanya kazi katika kiwanda gani?"

Jina lile tulikuwa tumelisikia mara nyingi. Tulilitafuta akilini tusilipate. Mkalimani wa mwisho kati ya babu na mjukuu alikuwa mgeni mmoja kutoka Tanzania, naye alikuwa amesahau. Tuliona haya. Tukamweleza yale tuliyoyakumbuka, ya kijiji kilicho majini, ya harufu ya mafuta, ya Mwingereza wa alfajiri, naye akayaandika daftarini. Zilipatikana kurasa tatu kwa maisha mazima ya kazi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi za watu nazo ni mali, na pengine hupotea upesi zaidi. Hapa petu Dar es Salaam kilijengwa kiwanda cha nguo cha Urafiki katika miaka ya 1960, kwa msaada wa China. Walioshika mashine zake za kwanza ni wazee sasa, na wengi wametangulia. Waliobaki huzungumza Kiswahili, lugha ambayo wajukuu wao wanaielewa vema kabisa. Hivyo sisi hatuna udhuru aliokuwa nao kijana wa Bradford. Mwanafunzi aisomaye insha hii na achukue daftari leo jioni, amwendee babu au bibi yake, naye aanze kwa kumwuliza jina la mahali alipofanya kazi.