Bei ya Rubani

Kila nikitazama Star Wars, macho yangu humfuata rubani asiye na jina. Yule wa TIE fighter, ile ndege ndogo ya Dola yenye kijumba cha mviringo katikati na mabawa mawili ya pembe sita. Tangu filamu ya kwanza mwaka 1977, hawa jamaa wanalipuka tu. Sisi tunashangilia, tunaendelea kutafuna bisi.

Ndege yenyewe ilifanywa rahisi kwa makusudi. Haina ngao. Haina injini ya kuvuka kutoka nyota moja hadi nyingine, kwa hivyo bila meli kubwa ya kuibeba haifiki mbali. Hata hewa ya kupumua haimo ndani; rubani huja nayo kwenye suti yake. Waasi, ambao mifuko imetoboka, wanaruka na X-wing yenye ngao na injini ya safari ndefu.

Hiyo ndiyo hunisumbua. Maskini anamlinda rubani wake, tajiri anabana matumizi. Na si eti Dola imefilisika. Imejenga Death Star, kituo kikubwa kama mwezi. Pesa iko, tena nyingi. Ni hesabu tu: rubani mwingine anapatikana kwa bei ya chini kuliko ngao.

Mimi hulipwa kwa makala, bila bima, bila likizo. Sijiiti rubani. Lakini mtu akinisifia mpango wowote kuwa ni mwepesi na nafuu, huwa namuuliza: ni ngao ya nani imetolewa?