Chungu Kidogo Kinaitosha

Muheza, Tanga

Kwa mjukuu wangu kipenzi,

  Picha ya vayoleti yako nimeiona kwenye simu ya baba yako mdogo, nikamwomba aikuze nipate kuliangalia shina vizuri. Umeuliza kama wakati wa kuihamisha umefika, na kama kile chungu kikubwa ulichokinunua kitaifaa. La kwanza nakujibu ndiyo, umefika. La pili, hapana, na nakuomba unisikilize sababu yake, maana ukiishika hiyo mengine utayapata mwenyewe.

Ua hilo ni la huku kwetu. Ukipanda kwenda Amani, kwenye makorongo yenye kivuli karibu na vijito, linaota ubavuni mwa miamba. Lipo pia kwenye miamba ya chokaa karibu na Tanga mjini, na wenzetu wa Kenya wanalo Taita na upande wa Kilifi. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen kule Hannover, akaliandika kwenye vitabu vya mimea kwa jina la Saintpaulia. Tangu hapo likazagaa madirishani ulimwengu mzima.

Sasa angalia linavyoishi huko mwambani. Udongo wake ni konzi moja ya majani yaliyooza, imeshikwa na ufa wa jiwe pamoja na kuvumwani. Mvua ikinyesha, maji yanapita yakaenda zake. Mizizi yake ni myembamba na mifupi, haishuki mbali, na inataka hewa kama inavyotaka maji. Ukiitia kwenye chungu kikubwa, udongo ulio mbali na mizizi unakaa na maji ambayo hakuna wa kuyanywa. Hewa inakwisha mle ndani, mizizi inaoza, majani yananyauka. Na mtu akiona majani yamenyauka, anaongeza maji. Vayoleti nyingi nilizoziona zikifa majumbani mwa watu zimekufa hivyo, kwenye vyungu vizuri, mikononi mwa watu wenye huruma. Kwa hiyo jani likilegea, kwanza tia kidole udongoni. Udongo ukiwa mkavu, ni kiu. Ukiwa umelowa, usimwage hata tone. Huenda mizizi imeanza kuharibika, toa mmea chunguni siku hiyohiyo uitazame.

Kipimo cha chungu ni hiki: pima upana wa majani kutoka ncha hadi ncha, ugawe kwa tatu. Yako kwa macho yangu ina kama sentimita 24, basi chungu chenye mdomo wa sentimita 8 kinaitosha, chenye matundu chini na kisicho kirefu. Huenda ukakuta hicho inachokalia sasa ndicho hasa kinachoifaa. Ikiwa hivyo, kioshe uirudishe humohumo kwa udongo mpya. Kuhamisha si lazima kuongeza ukubwa, na vayoleti iliyobanwa kidogo huchanua kuliko iliyopewa nafasi. Katika kile kikubwa panda mrehani, utanukia nyumba nzima.

Nimejuaje kwamba wakati umefika? Nimeiona shingo. Majani ya chini hufa moja moja, nawe unayakwanyua, ndivyo ilivyo. Lakini kila likitoka jani, shina linabaki uchi, hata mmea unasimama juu ya shingo ndefu na kuanza kuinamia upande. Shingo ya mmea wako ina urefu wa kufikia upana wa kidole gumba. Hiyo peke yake inatosha. Dalili nyingine ni maji kupita moja kwa moja bila udongo kuyashika, ukoko mweupe wa chumvi za mbolea kwenye mdomo wa chungu, na mizizi kuchungulia matunduni. Jani moja la njano lisikutie wasiwasi. Maua yakikoma kwa muda, nayo si neno. Na mmea uliotoka dukani juzi uache kwanza uizoee nyumba. Kwa kawaida mara moja kwa mwaka inatosha, na wenye bidii hufanya kila miezi sita.

Udongo usichimbe uani. Udongo wa huko Dar ukiwa na mfinyanzi unashikamana, na mchanga wa pwani una chumvi. Tafuta vumbi la makumbi ya nazi, mboji iliyochekechwa, na chenga za mkaa au mchanga mkubwa wa mtoni, kiasi sawa kwa sawa. Hayo makumbi yaoshe mara kadhaa, kwa sababu mengine hufukiwa kwenye tope la bahari ili usumba utoke, na chumvi hiyo inaunguza mizizi. Changanya, nyunyiza maji kidogo, kisha finya kwa mkono: uwe na unyevu wa machicha ya nazi yaliyokwisha kukamuliwa. Ukidondosha maji, uache ukauke kidogo.

Fanya kazi hii asubuhi, kabla ya joto. Usimwagilie siku iliyotangulia, maana majani yaliyojaa maji huvunjika kwa kuguswa tu. Kata vitumba na maua yote. Najua yatakuuma, lakini mmea hupata shida kuotesha mizizi na kulisha maua kwa wakati mmoja. Pitisha vidole viwili chini ya majani ushike shingo, pindua chungu, gonga kitako chake. Likitoka donge zima, tazama. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa. Ya kahawia inayopondeka vidoleni na kutoa harufu imeoza, ikate yote mpaka ufikie palipo pazima.

Sasa ile shingo. Chukua kisu butu, ukwangue kidogokidogo lile ganda la kahawia mpaka uone ukijani, bila kuchimba. Hapo ndipo mizizi mipya itakapotokea. Kisha pima urefu wa shingo iliyo uchi, ukate sehemu ya chini ya donge la mizizi kwa urefu huohuo. Utaogopa, lakini kata. Mmea utashuka, na majani ya chini yatalala sawasawa na mdomo wa chungu. Jaza udongo pembeni, gonga chungu mezani ujipange wenyewe, usiushindilie kwa vidole. Angalia kitu kimoja: kile kichwa cha katikati panapochipua majani machanga kisizikwe hata kidogo, kikifunikwa kitaoza.

Maji ya kwanza yawe kidogo na ya uvuguvugu. Baadaye uinyweshe kwa sahani: weka maji sahanini, subiri kama nusu saa, yanayobaki uyamwage. Maji baridi yakigusa majani yanaacha madoa yasiyofutika, na vumbi uliondoe kwa brashi laini, si kwa kitambaa kibichi. Kwa kuwa umekwangua shingo, funika mmea wote kwa mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani kwa wiki moja au mbili, mfuko huo uutoboe matundu machache. Iweke penye mwanga usio na jua kali, mbali na upepo wa kiyoyozi. Mbolea isubiri mwezi mzima.

Na nakusihi hili kwa moyo wote: ukija huku likizo tukapanda Amani, using'oe hata shina moja mwambani. Baadhi ya aina zake zimebaki sehemu chache mno, na misitu imepungua sana tangu ujana wangu. Za kupanda zipo kwa wauza miche, na hiyo yako itazaa nyingine ukitaka.

Ukiitoa ukakuta mizizi yote imeoza, usiitupe. Chagua jani zima la safu ya katikati, ulikate kwa mshazari ubakize kikonyo cha sentimita 3, ulichomeke kwenye udongo uleule. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona vijani vidogo vikitokea kwenye kikonyo. Ndipo uniletee picha nyingine, nikuelekeze namna ya kuvitenganisha.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi bibi yako