Maji Nani Atateka?

Karatasi aliyopewa Mama siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali ilikuwa na orodha ndefu, na karibu kila mstari ulianza na "usi". Usibebe kitu kizito kwa mkono wa kushoto. Usipimwe presha mkono huo. Usidungwe sindano. Usitundike mkoba begani. Mama ni fundi wa nguo Mtwapa, na mfereji wetu hutoa maji siku ukijisikia. Aliisoma yote, akaikunja, akaniuliza, "Sasa mwanangu, maji nani atateka?"

Wacha nieleze kilichoogopwa. Utotoni ukijikata mguu na kidonda kikaingia uchafu, kinenani kulitokea kivimbe cha kuuma, mtoki. Ule mtoki ni tezi ya limfu iko kazini. Kwapani ziko nyingi, na maji ya limfu kutoka mkononi hupitia hapo yakirudi kwenye damu. Saratani ya titi ikianza safari, mara nyingi hupitia njia hiyo hiyo, ndiyo maana daktari huzitoa azipime. Mama alitolewa titi la kushoto na tezi za kwapa lake, kisha akachomwa miale. Njia zikikatwa, na zilizobaki zikikakamaa kwa miale, maji hukosa pa kupita na mkono hujaa. Hiyo ndiyo limfedema. Inaweza kuanza baada ya miezi, au baada ya miaka ukiwa umeshasahau, na ikishakomaa hudhibitiwa tu.

Si wote wanaovimba. Kwa waliotolewa tezi nyingi za kwapa, ni takriban mmoja kati ya watano. Kwa waliotolewa zile moja mbili za mwanzo tu ili zipimwe, ni kama mmoja kati ya ishirini. Kwa hivyo kinga huanza kabla ya kisu: muulize daktari anataka kutoa tezi ngapi, na kwa nini.

Majirani walikuwa na jina lao, matende. Mwingine akasema karogwa, huyo tumwache. Wa matende hakuwa mbali sana na ukweli. Miguu ile tuliyoizoea Pwani huharibiwa na minyoo inayosambazwa na mbu, lakini kinachoharibika ni mfumo ule ule wa limfu.

Mama alitii karatasi. Miezi miwili mkono ulikaa kifuani, umefunikwa leso, kama yai la kuazima. Bega likakaza. Akawa hawezi kufikia kamba ya kuanikia, hawezi kusukuma kitambaa kwenye cherehani, na wateja wakaanza kuhamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Sikuwa na ugomvi na madaktari, ila ilikuwa wazi kwamba karatasi ile iliandikiwa mwanamke mwenye mtu wa kumtekea maji.

Mimi niliacha chuo na naandika kwa oda, muda ninao. Nikasoma. Mwaka 2010 mtafiti wa Marekani, Kathryn Schmitz, na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 154 waliotibiwa saratani ya titi na hawakuwa wamevimba. Nusu waliinua vyuma mwaka mzima, wakianza na uzito mdogo sana na kuongeza polepole, miezi mitatu ya kwanza chini ya macho ya mkufunzi. Wa vyuma waliovimba walikuwa asilimia 11, wasioinua asilimia 17. Kwa waliotolewa tezi tano au zaidi, 7 kwa 22. Yaani vyuma havikuwaongezea hatari, huenda hata viliwakinga. Mwaka 2016 watafiti wa Massachusetts General, Boston, hawakuona uhusiano kati ya uvimbe na kupimwa presha, kudungwa sindano au kupanda ndege. Walichokiona ni maambukizi ya ngozi, uzito uliozidi, miale, na tezi nyingi kutolewa. Hata hivyo ukiweza kutoa mkono ule mwingine kwa muuguzi, si utoe tu?

Fizio wa kliniki alikubali, kwa masharti. Kwanza vidole vitambae ukutani, kila siku juu kidogo kuliko jana. Kisha chupa ya maji ya nusu lita. Wiki kadhaa baadaye, lita moja. Halafu kidumu cha lita tano, kutoka mferejini mpaka mlangoni. Mkono ukiamka mzito, rudi ulikotoka. Mama huhesabu kwa sauti kama watu wa jimu, na ukimcheka anaanza upya makusudi.

Kazi kubwa kwa fundi ni ngozi. Sindano ya kushonea hudunga kila siku, pasi ya makaa huunguza, na kisu cha samaki hakina adabu. Sasa kastabini haitoki kidoleni. Akijichoma, ni sabuni na maji, akauke vizuri, hasa katikati ya vidole. Mwezi wa nne mkono uliwaka mwekundu ghafla, moto, na homa juu. Alitaka kunywa panadol na kungoja asubuhi. Tuliita bodaboda usiku ule ule, akaanzishiwa antibayotiki. Hilo halingoji, manake kila maambukizi huacha njia chache kuliko ilivyozikuta.

Uzito ni hadithi ngumu zaidi. Kwetu ukitoka kwenye kemo umekonda, jamaa huja na mahamri na wali wa nazi kukurudisha duniani. Nani atamkatalia shangazi aliyetoka Malindi na sufuria kichwani? Mama hula kidogo mbele yake, nyingine tunagawa watoto wa ploti.

Dalili za mwanzo ni ndogo: bangili inabana, mkono wa blauzi unakaza, uzito usioeleweka jioni. Mama haamini hisia, anaamini futi ya fundi. Kwenye daftari la vipimo alipata mzingo wa mikono yake yote miwili, aliouandika kabla ya ugonjwa aliposhona gauni la harusi ya binamu yangu. Hospitali nyingine hupima hivyo kabla ya upasuaji, yeye alishajipimia. Kila Jumapili tunapima pale pale, na kushoto kukizidi sentimita mbili tutarudi kliniki. Wiki iliyopita kulizidi nusu sentimita. Aliandika, akafunga daftari, akapokea oda ya sare za shule arobaini.