Moto Usiopikia Chungu



Mwezi wa tisa na wa kumi ni miezi mizito hapa Base ya Kamina. Baridi ya kiangazi imekwisha, mvua bado haijashika, na jua hupiga mabati tangu asubuhi. Hata hivyo, katika nyumba nyingi mbabula huwashwa ndani saa sita ya mchana, milango ikifungwa kwa ajili ya vumbi, na maharagwe makavu hutelekwa juu ya makala mpaka jioni. Nyumba hugeuka tanuru, watoto hawawezi kusoma, na gunia la makala huisha upesi. Sehemu kubwa ya moto huo haipikii chungu.

Tukumbuke makala yatokako. Mchomaji hukata miombo, huipanga, huifunika kwa udongo, kisha huiacha iungue polepole siku nyingi. Katika tanuru ya namna hiyo, kilo moja ya makala hutaka kilo tano hata kumi za kuni. Tena mti ukianguka hauanguki peke yake: viwavi tunavyokula, uyoga wa wakati wa mvua na asali hutoka katika msitu uo huo.

Nyumbani kwangu tumeshika desturi nne. Kwanza, maharagwe hulowekwa usiku kucha, nayo huiva mapema zaidi. Pili, tunapika alfajiri, nje, kisha chungu hufungwa katika blanketi kuukuu kitunze moto wake mpaka mchana. Hivyo nyumba hubaki na ubaridi, nasi twaepukana na hewa ya makala yenye sumu isiyo na harufu, ambayo imeua watu waliolala na mbabula chumbani. Tatu, chungu hufunikwa, na makala hupunguzwa mara maji yanapochemka. Kwa maana maji yakichemka hayapati tena moto zaidi: hapa kwetu, penye mwinuko wa mita zipatazo 1,100, hukoma karibu na nyuzi 96, hata ukiijaza mbabula. Nne, makala yanayobaki hutiwa katika debe lenye kifuniko cha kubana, yazimike kwa kukosa hewa. Kesho yake yanawaka tena.

Shangazi yangu mzee alipotutembelea, hakupendezwa.

“Mwanangu,” akasema, “kwa marehemu baba yako mgeni alipokewa kwa moto mkubwa. Je, siku hizi mnahesabu makala?”

“Shangazi,” nikamjibu, “chakula chako hakikupungua. Kilichopungua ni majivu.”

Alicheka, akala akashiba. Lakini neno lake lina uzito, maana wengi huogopa kuitwa wabahili. Ubahili ni kumnyima mtu haki yake. Uwekevu ni kukataa kupoteza kisichomfaa mtu yeyote. Bwana wetu Yesu Kristu alipokwisha kuwashibisha maelfu, aliamuru masazo yakusanywe, yakajaa vikapu kumi na viwili. Aliyegawa bila kipimo ndiye aliyekataza kupoteza. Naye marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si’ ya mwaka 2015, alisifu matendo madogo ya kila siku, kama kupika kile tu kitakacholiwa na kuzima taa zisizo na kazi.

Tena, moto unaopotea hulipwa na nani? Mara nyingi ni binti. Makala yakiisha, yeye ndiye anayetumwa porini kutafuta kuni wakati wenzake wamefungua madaftari. Basi, akina baba, tusiseme kwamba mbabula ni neno la wanawake. Mwenye kushika mkoba wa familia na anunue mbabula iliyokandikwa udongo ndani, inayotunza moto, na debe la kuzimia makala. Kwetu, gunia lililokuwa likiisha wiki ya tatu sasa lavuka mwezi, na faranga zinazosalia zimeingia katika minervali ya binti yetu wa sekondari.

Haba na haba hujaza kibaba. Nanyi wanafunzi, msingoje kuamriwa: jioni ya leo, kabla ya sala ya familia, mchukulieni mama sufuria ya maji, mkaloweke maharagwe ya kesho.