Vitabu vya Kumkaribisha Mgeni

Walimu wenzetu hutuuliza mara kwa mara ni kitabu gani kimfaacho mwanafunzi aliyekwisha kujua salamu na ngeli, lakini bado hajaipenda lugha. Zamani jibu letu lilikuwa fupi: kile kilichomo katika mtaala. Leo twajibu vingine, na ni haki wasomaji wetu wajue kilichotubadilisha.

Tulikuwa tukifundisha katika shule moja ya sekondari magharibi mwa Uganda. Idi Amin alikuwa amekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini tangazo lile halikukifikisha jikoni wala barazani. Wengi walikisikia vinywani mwa askari tu, na miaka mingi baadaye wazee walikuwa bado wakikikumbuka hivyo. Msichana mmoja alitwambia kwamba bibi yake hataki kukisikia nyumbani. Kisha akauliza, bila ya ufidhuli: "Mwalimu, kwa lugha hii mzazi husemaje na mtoto wake?"

Tuliona haya. Muhula mzima tulikuwa tumemfundisha viambishi, wala hatukumwonyesha hata nyumba moja ambamo lugha hii inakaa.

Ndipo tulipoanza kusoma jioni, sura baada ya sura, *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1952. Ni kitabu chembamba, na hadithi yake ina asili katika *Alfu Lela Ulela*. Adili, liwali mwema, kila usiku huwapiga manyani wawili. Awapigaye si wanyama: ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake wa damu, waliomtosa baharini kwa kijicho, nao wakageuzwa manyani kwa adhabu. Kuwapiga ni amri asiyoweza kuikataa, na moyo wake haufurahi. Je, ndugu wa namna hiyo husamehewa? Darasa liligawanyika. Mmoja akasema watoswe na wao. Mwingine akaleta methali tuliyomfundisha juzi yake: ndugu mui heri kuwa naye. Kwa mara ya kwanza tuliwasikia wakibishana kwa Kiswahili bila ya kushurutishwa, na makosa yao ya sarufi tukayaacha yapite.

Yule msichana alikichukua kitabu likizoni, akamsimulia bibi yake kwa lugha ya kwao. Aliporudi alitwambia kwamba bibi hakusema neno juu ya Kiswahili, ila kila jioni aliuliza: "Wale manyani wamefikia wapi?"

Kwa anayetafuta habari za ualimu na urafiki, twampendekezea *Wasifu wa Siti binti Saad* wa mwandishi huyo huyo. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya watu maskini, akauza vyungu. Hakuwa na elimu ya kusoma wala kuandika. Lakini alipata watu walioisikia sauti yake wakaona inastahili kufunzwa, akapata na wenzake wa kupiga ala walioshikamana naye. Na mwaka 1928 waliimba Bombay nyimbo zilizotiwa katika sahani za santuri. Mwalimu asomaye kitabu hicho atawatazama kwa jicho jingine wanafunzi wa dawati la nyuma.

Kwa wakubwa kidogo ipo riwaya ya Ken Walibora, *Siku Njema*, ya mwaka 1996. Mwandishi alifariki mwaka 2020, lakini Kongowea Mswahili wake angali safarini kutoka Tanga hadi Kitale, akimtafuta baba asiyemjua. Vijana huisoma upesi, kwani kila mmoja ataka kujua kama baba ataonekana.

Twawasihi walimu jambo moja: vitabu hivi visigeuzwe mtihani kabla havijawa starehe. Msomaji na asisimame kwa kila neno gumu. Na asome kwa sauti, na mwalimu asome pamoja naye.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Twashukuru. Lakini amri huleta somo darasani tu. Nyumbani halifiki mpaka mtoto alipeleke mwenyewe, kwa hiari yake.

Ama lile swali la yule msichana, tulichelewa kulijibu. Jawabu limo katika *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*, ambamo Shaaban Robert ameweka tenzi mbili alizowatungia wanawe, mmoja wa binti na mmoja wa mwana wa kiume, kuwausia namna ya kuishi na watu. Mzazi wa Kiswahili husema hivyo na mtoto wake. Tungekifungua kitabu hicho siku ile ile alipouliza, angalikwenda nacho nyumbani muhula mmoja mapema.