Kwa Mpwa Wangu, Kabla ya Safari ya Ziwani

Osiri, Migori

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imewasili, nami nimefurahi mno kusoma jinsi mlivyowatembeza watoto kutwa nzima katika vijiji vya wavuvi vya Lofoten, huko Norwe, mkawaona chewa wametundikwa juu ya chanja za miti wakikaushwa kwa baridi na upepo. Lililonipendeza zaidi ni lile la watoto wa kule kukata ndimi za chewa na kujipatia fedha zao wenyewe, maana aliyeshika kisu cha kazi ya wazee wake tangu udogoni haoni haya kuitaja mbele za watu.

Basi nasaha yangu ni kwamba mjapo likizo, kabla ya hoteli za Mombasa, mlipe ziwa letu la Victoria siku moja kamili, kwa taadhima ileile mliyowapa wavuvi wa Lofoten.

Tokeni hapa Osiri alfajiri mteremke Sori, kwenye ghuba ya Karungu, kwa kuwa mitumbwi ya omena, iliyokesha gizani ikiwavuta samaki kwa taa, hurejea asubuhi. Usiwasimamishe watoto kando wakipiga picha. Waamkieni kwanza akina mama, muombe idhini, kisha watoto wainame wasaidie kutandaza omena juu ya nyavu kuukuu zilizolazwa chini. Mtamwona mama anaanika huku jicho lake halibanduki kwenye wingu lililo juu ya maji, kwani jua kali likidumu mali yake huuzwa chakula cha watu, bali mvua ikiinyea kabla haijakauka, aghalabu huishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kusikitisha. Hapo msiharakishe. Na mkinunua, msimkazie bei mtu aliyekesha.

Baadaye fuateni njia ya Sindo hadi Mbita, mvuke daraja mwingie Rusinga, alikozikwa mwanasiasa Tom Mboya.

Njiani wasimulie kwamba mnamo 1905 ni Mnorwe, jina lake Aarup, aliyeleta katika Ghuba ya Winam ya ziwa hili nyavu za kitani zinazomnasa samaki kwa mashavu, ilhali wazee wetu walizoea migono na makokoro ya mafunjo. Nyavu zile zililisha watu wengi, wala simlaumu aliyezileta. Lakini samaki aina ya ngege walipungua upesi hata serikali ya kikoloni ikamleta Michael Graham kulichunguza ziwa mwaka 1927, naye akashauri macho ya wavu yasipungue inchi 5. Shauri lile halikudumu, na hasara yake tunaila hadi leo. Nataka watoto wako, wanaokulia Norwe, wajue kwamba nchi zao mbili zilikwisha kukutana ndani ya maji haya kabla babu zao hawajazaliwa.

Omena hawavuliwi kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, kwa hiyo njooni Agosti, na mchague siku za kiza, kwani mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi. Mkitaka kupanda mtumbwi, kila mtoto avae jaketi la kuokolea, hata ziwa likiwa shwari.

Wasalaam,
Mjomba wako