Tundu la Jeti

Ndugu msomaji, nataka kukueleza habari za kipande cha shaba kilicho kidogo kama punje ya hindi. Kinaitwa jeti. Kinakaa ndani ya kabureta, chini ya kibakuli cha petroli. Katikati kina tundu moja. Gari likiwa katika mwendo, karibu petroli yote inayochomwa na injini hupita katika tundu hilo.

Magari mapya ya siku hizi hayana kabureta. Lakini magari ya zamani yanayo. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria hapa Kibiti zinayo, na mashine nyingi za boti huko deltani zinayo vilevile. Kwa hiyo usiseme, "Mimi sina gari, habari hizi hazinihusu."

Injini haiendi kwa petroli peke yake. Inataka na hewa, tena hewa nyingi. Kila kilo moja ya petroli inataka karibu kilo 15 za hewa. Ni kama kupika wali: maji yakizidi unapata bokoboko, yakipungua wali unakuwa mbichi na sufuria inaungua. Jeti ndiyo kikombe cha kupimia. Tundu likiwa kubwa kupita kiasi, injini inatoa moshi mweusi, plagi zinajaa masizi, na fedha zako zinatoka kwa njia ya bomba la moshi. Tundu likiwa dogo kupita kiasi, injini inakosa nguvu, inakohoa kwa kupitia kabureta, inapata moto, na mwishowe valvu zinaungua. Hilo la pili ni baya zaidi, kwa sababu watu hufurahi kwanza. Wanaona petroli inadumu!

Sasa nitakueleza yaliyowapata akina mama wa darasa letu la jioni. Walichanga fedha wakanunua Land Rover kuukuu ya miaka ya 1960, ili walete samaki na dagaa kutoka Nyamisati. Gari lilitoka Mbeya. Kule lilikuwa likipanda milima vizuri, nasi tuliamini hivyo, maana aliyeliuza alituonyesha. Lilipofika Kibiti likaanza kukohoa. Likipakiwa magunia kumi tu, halivuti. Barabara ya kutoka Bungu kwenda Nyamisati haina milima ya kutisha, lakini ina mchanga na tope, na samaki hawangoji.

Fundi mmoja akafungua plagi. Ncha zake zilikuwa nyeupe. Plagi ya gari lenye afya ina rangi ya kahawia, kama udongo mkavu. Nyeupe maana yake petroli haitoshi. Fundi akasema, "Hapa dawa ni kutoboa jeti tu." Akatoa keekee yenye upana wa milimita moja na nusu.

Mama mmoja, ambaye alianza kushika kalamu akiwa na miaka zaidi ya hamsini, akamwambia, "Ngoja kwanza, mwanangu. Hapa pana maandishi." Akaomba kioo cha kukuzia. Akasoma taratibu: moja, mbili, sifuri.

Kabureta ile ni ya Solex. Kwa jeti za Solex, namba hiyo ni upana wa tundu kwa mia za milimita. Basi 120 ni milimita 1 na 20 katika mia. Tukaichukua habari hiyo darasani tukaifanya hesabu. Usifikiri kwamba upana ukiongezeka kidogo, petroli nayo itaongezeka kidogo vilevile. Kinachopitisha petroli ni eneo la tundu, nalo hupatikana kwa kuzidisha upana kwa upana. Chukua kalamu ufanye pamoja nasi:

120 mara 120 ni 14,400.
150 mara 150 ni 22,500.

Kwa keekee ile ya fundi, tundu lingekua kwa zaidi ya nusu yake. Mama zetu wangekuwa wakinunua lita tatu mahali pa mbili, na faida ya samaki ingeishia kwenye moshi. Fundi alinyamaza akaitazama ile hesabu ubaoni, kisha akacheka. Kusema kweli alikuwa fundi mzuri wa mikono. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba zile alama zina maana.

Na kwa nini gari lilikuwa na 120? Mji wa Mbeya uko juu, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi. Hewa ikiwa nyepesi, petroli nayo hupunguzwa, kwa hiyo mtu fulani aliweka jeti ndogo kwa makusudi, na alifanya vyema. Sisi tuko pwani. Hewa yetu ni nzito, inataka petroli zaidi. Hivyo tukaamua kutafuta 125. Piga hesabu: 125 mara 125 ni 15,625. Nyongeza yake ni kama 8 na nusu katika kila 100.

Kuitafuta ndiyo ilikuwa kazi. Nilikwenda Dar es Salaam, nikazunguka maduka ya spea ya Gerezani tangu asubuhi. Duka la kwanza walinipa jeti yenye namba 125, lakini haikuwa ya Solex. Uwe mwangalifu hapo, msomaji. Watengenezaji wengine hawaandiki upana wa tundu. Wanaandika kiasi cha petroli kinachopita kwa dakika moja. Namba ni ile ile, tundu si lile lile. Muuzaji mwingine aliniambia kwamba jeti ni jeti, kisha akaniuliza kama nanunua au nasoma. Mchana nikapata kabureta mbovu ya Solex kwenye lundo la vyuma chakavu. Imepasuka, lakini ndani yake mlikuwa na 125 safi. Nikainunua nzima.

Tulipoifunga, gari lilivuta magunia ishirini. Baada ya safari mbili tukafungua plagi: kahawia.

Kuhusu kusafisha. Petroli yetu ya chupa na madumu ina uchafu, na deltani inaingia maji. Tone moja la maji linaweza kuziba jeti. Usichokonoe kwa waya, maana shaba ni laini na tundu litapanuka au kukwaruzwa. Osha kwa petroli safi, pulizia kwa pampu ya baiskeli, kisha itazame kwa kuielekeza kwenye mwanga. Usiipulize wala kuifyonza kwa mdomo, kwani petroli ni sumu. Fanya kazi hiyo mbali na moto wa jikoni na sigara.

Nawe mwenye mashine ya boti inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, zingatia zaidi. Kwako oili hupita katika tundu lile lile. Jeti ikiziba nusu, petroli inapungua na oili inapungua, pistoni inakwama, nawe uko katikati ya mto wakati maji yanatoka kwenda baharini.

Ile jeti ya 120 hatukuitupa. Imo ndani ya kibweta cha kiberiti, na yule mama ameandika juu yake kwa mkono wake: MBEYA. Gari likiuzwa kwa mtu wa nyanda za juu, atapewa pamoja na ufunguo.